Uzoefu wangu wa sindano za kujaza mabonde chini ya macho, Mbeya

Nilihudumiwa katika kliniki binafsi ya ngozi eneo la Uhindini, jijini Mbeya, na nitaeleza zaidi namna kazi ilivyofanyika kuliko sura niliyotoka nayo, kwa sababu sehemu hii ya uso haitaki mkono wa kubahatisha.

Daktari alianza kwa kuuelekeza uso wangu kwenye taa. Kivuli cha bonde lililo kati ya kope ya chini na shavu hupungua mwanga unapolimulika moja kwa moja, ilhali weusi wa ngozi yenyewe hubaki palepale, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi vyote viwili huwapo pamoja. Aliniambia waziwazi kwamba fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi, itajaza bonde na haitagusa rangi.

Kabla ya kunidunga alinionyesha boksi la fila ya asidi ya hayaluroniki ambalo halijafunguliwa, pamoja na chupa ya hayaluronidesi, kimeng'enya cha kuiyeyusha. Chupa hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuendelea. Fila ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kusukumwa hadi kwenye ateri ya jicho na kuleta upofu, au kuziba damu iendayo kwenye ngozi hadi ngozi ife. Hivyo maumivu makali ya ghafla, ngozi kupauka au macho kuona ukungu si mambo ya kusubiri kesho, sembuse kusubiri basi la kwenda kutibiwa Dar es Salaam.

Alitumia kanula, yaani sindano ndefu yenye ncha butu, ambayo hupunguza hatari ya kutoboa mshipa ingawa haiiondoi. Aliipitisha kwenye tundu moja shavuni, akaweka fila polepole chini ya misuli, karibu na mfupa, isiyofika nusu mililita kila upande. Ikiwekwa juujuu chini ya ngozi hii nyembamba, huonekana kama uvimbe wa kibuluu. Nilipoomba aniongezee upande wa kushoto alikataa, kwa kuwa asidi hiyo huvuta maji na uvimbe ungezidi. Kukataa huko nakuhesabu kuwa sehemu ya huduma bora.

Zile kalamu zisizo na sindano zinazosukuma fila kwa mgandamizo sizipendekezi kabisa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo dhidi yake mwaka 2021.

Lawama yangu ni moja: stika yenye jina na namba ya toleo la fila nililazimika kuiomba, wakati ilipaswa kubandikwa kwenye kadi yangu bila kuulizwa, ili daktari mwingine atakayenitibu ajue nimewekewa nini.