Kuweka michoro na mawazo mtandaoni kwa jina langu la ukoo: uzoefu wangu hapa Mbeya

Nachora kwa kalamu ya wino, hasa watu wa Mwanjelwa na milima ya huku kwetu, na chini ya kila mchoro naandika maneno machache yaliyo moyoni. Mwanzoni nilijiita kwa jina la kubuni. Sasa hivi akaunti ina majina yangu kamili, la ukoo likiwemo. Naulizwa sana kama inafaa. Kwa michoro, inafaa mno. Kwa mawazo, inategemea una shangazi wangapi.

Nianze na hela. Mteja wa Dar es Salaam au Dodoma hakujui, na matapeli wamejaa. Anapotuma malipo kwa M-Pesa, jina la mwenye namba linamtokea kabla hajathibitisha. Likiwa ndilo lilelile aliloliona kwenye akaunti, anamalizia bila wasiwasi. Enzi za jina la kubuni, oda nyingi zilifia hapo hapo: "Mbona linakuja jina jingine?" Siku hizi siulizwi. Nautia mchoro kwenye bomba la plastiki, naupeleka ofisi ya basi, na jina la kwenye mzigo ni hilo hilo.

Sasa ukoo. Huku jina linaloanza na Mwa- linakutangulia. Mtu hajautazama mchoro vizuri, ameshauliza wewe ni wa Tukuyu au wa Kyela, na mzee fulani ni nani wako. Kuna raha yake: mzee nisiyemfahamu kabisa aliniandikia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa mchoro wa mgomba, kisha tukagundua alisoma na babu yangu.

Ila kuna siku nilichora mama muuza parachichi, beseni mapajani, na chini nikaandika kwamba msibani wanaolia kwa sauti kubwa mara nyingi ni wale ambao hawakuja kumwona mgonjwa. Sikumtaja mtu. Jioni mama mdogo akapiga simu.

"Mwanangu, hayo umeandika ya msiba wa babu?"

"Hapana mama, ni mawazo yangu tu."

"Yako wapi? Jina lililopo pale ni letu sote."

Hoja yake ina uzito, nakubali. Maneno sikuyafuta. Tangu hapo vikao vya ukoo nasikia vimeshapita, ingawa ujumbe wa michango unanifikia kwa wakati.

Msidhani jina la kubuni ni maficho. Laini unayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu mwandishi, ajiite simba au njiwa. Jina la kubuni linakuficha kwa majirani tu. Halafu kanuni hazifanani: Facebook inataka jina unalotumia kila siku, Instagram inakuachia ujiite utakavyo.

Kuhusu kuibiwa kazi, jina halisi limenisaidia kuliko nilivyotegemea. Wachapaji fulani wa fulana walichukua mchoro wangu, wakafuta sahihi ya kwenye kona. Sahihi nyingine niliyoichora ndani ya mkunjo wa kitenge cha mama mchorwa hawakuiona. Niliikuza kwenye simu, nikawaonyesha herufi moja moja pamoja na kitambulisho changu, na fulana zikaondolewa sokoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki tangu unapoumba kazi, hata kama hujaisajili. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakuongezea ushahidi tu. Tangu hapo kila mchoro una sahihi mbili, na ya pili siionyeshi mtu.

Kero ndogo: picha ikipanda inabanwa, mistari myembamba ya ukungu wa mlima Loleza inakuwa tope. Piga picha nje kukiwa na mawingu, usitumie flashi. Mawingu Mbeya hayana bei.

Michoro naipa nyota 5, mawazo 3. Ukiwa unauza, weka jina lako hata leo. Ukitaka kuandika kuhusu ndoa yako au bosi wako, na bosi mwenyewe anasali kanisa moja na mama yako, fungua akaunti nyingine, na usiweke hata mchoro mmoja: hapa mjini mkono wako wanaujua.