Mafunzo ya cheti cha kuzuia uvamizi wa mtandao: yapi ya kununua kwanza

Kabla hujalipia kozi yoyote, mwombe muuzaji namba ya mtihani. Mimi nililijua hili kwa hasara. Kozi yangu ya kwanza ya kuzuia uvamizi niliinunua kwa kuvutiwa na jina lake. Niliisoma wiki tatu, nikajaza daftari zima, na nilipokwenda kujiandikisha nikakuta mtihani wenyewe, 642-627 wa Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ulishaondolewa siku nyingi. Mitihani iliyoushika mkia nayo iliondolewa Februari 2020, Cisco ilipopanga vyeti vyake upya. Kwa upande wa Cisco, somo hili leo utalikuta hasa kwenye mtihani wa 300-710. Ukiufaulu pamoja na ule wa msingi, 350-701, unapata CCNP Security, cheti cha Cisco cha usalama wa mtandao. Kozi isiyotaja namba, au inayotaja namba ya zamani, iache hata kama bei yake inavutia.

Namba hiyo inategemea unataka cheti gani, na hapo jiulize kazi yako ni ipi. Anayesimamia vifaa vya Cisco aende kwenye njia hiyo niliyoitaja. Anayetaka kusoma trafiki ya mtandao, yaani mawasiliano yanayopita humo, bila kujali kifaa kimeundwa na nani, GCIA, cheti cha wachambuzi wa uvamizi kinachotolewa na taasisi ya GIAC, ndiyo inayomfaa: ni mtihani wa saa nne, unaruhusiwa kuingia na vitabu na maelezo yako yaliyochapishwa, na cheti kinadumu miaka minne. Kwa anayeanza kabisa, Security+, cheti cha msingi cha usalama kutoka shirika la CompTIA, inatosha kwa sasa. Ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Ila inagusa kuzuia uvamizi juu juu tu, kwa hiyo usidhani umeshafika.

Sasa mafunzo yenyewe. Kigezo changu ni kimoja: utazishika pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, kwa mikono yako kwa saa ngapi? Nina sababu ya kukishikilia. Mfumo wa kugundua uvamizi ni mlinzi anayepiga filimbi. Akikosea, watu wanakereka na maisha yanaendelea. Mfumo wa kuzuia ni mlinzi aliyesimama mlangoni na funguo mkononi. Kila pakiti inapita kwake, na akikosea, anayefungiwa nje ni mteja halali, au mfumo mzima wa malipo unasimama. Mtu anayejua tu kutaja aina za mashambulizi hawezi kukabidhiwa mlango huo. Anayekabidhiwa ni yule aliyewahi kuandika kanuni, yaani agizo linaloueleza mfumo kitu gani wa kukishtukia, ikazuia kitu isichopaswa, akakaa chini kuchunguza kwa nini.

Nafasi ya kwanza: maabara yako mwenyewe, pamoja na kozi ya kurekodiwa yenye mazoezi. Kwa wasomaji wengi naiweka juu ya vyote, hata vya gharama kubwa. Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya GB 16 inatosha kubeba kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta yako: ya mshambuliaji, ya mshambuliwa, na katikati yao Suricata au Snort, programu za kugundua na kuzuia uvamizi, zote mbili za bure. Snort iliandikwa na Martin Roesch mwaka 1998, na kampuni aliyoianzisha, Sourcefire, ilinunuliwa na Cisco mwaka 2013. Hiyo si historia ya kupamba mazungumzo. Injini ya Snort ndiyo inayofanya kazi ya kuzuia uvamizi ndani ya fayawoli (kuta za ulinzi wa mtandao) za Cisco, kwa hiyo kanuni unayojifunza kuiandika bure nyumbani ni ile ile utakayoikuta kwenye 300-710.

Anza na kanuni ya mstari mmoja. Neno lake la kwanza liwe *alert*, yaani toa tahadhari tu. Ipitishie faili la trafiki iliyonaswa, kisha hesabu tahadhari: ngapi za kweli, ngapi za uongo? Fungua zile za uongo kwenye Wireshark, programu ya kuzitazama pakiti, pakiti baada ya pakiti. Mara nyingi utakuta kanuni inatafuta neno popote lilipo, wakati ilipaswa kulitafuta kwenye mawasiliano yaliyokwisha kuunganishwa, na yanayoelekea kwenye seva tu. Ibane. Irudie. Ukiridhika, badilisha *alert* kuwa *drop*, yaani izuie pakiti, kwenye trafiki hai inayopita katikati ya maabara yako, uone kinachokatika. Jioni moja ya kazi hii ilinifundisha zaidi ya daftari lile zima. Kozi ya kurekodiwa inakuja kukupa mpangilio na kukuonyesha mada ambazo peke yako usingezifikiria, basi. Na majaribio ya mashambulizi yabaki ndani ya maabara yako. Mtandao wa mtu mwingine usiuguse bila idhini yake ya maandishi.

Ya pili: mafunzo ya moja kwa moja na mkufunzi. Kama mwajiri ndiye anayelipa, hii inapanda hadi ya kwanza bila ubishi. Kozi ya SEC503 ya SANS, taasisi ya mafunzo ya usalama, inayoandamana na GCIA, inakushusha hadi kwenye baiti za kichwa cha pakiti, yaani sehemu yake ya mbele yenye anwani, na huko ndiko uelewa unakojengwa. Ukilipa mwenyewe, pima sana, maana ni ghali kweli. Nina swali moja la kumpima mkufunzi yeyote kabla ya kulipa: je, tutafanya zoezi la kukata pakiti vipande? Mwaka 1998 watafiti wa usalama Thomas Ptacek na Timothy Newsham walionyesha kuwa mifumo ya kompyuta haiunganishi vipande kwa namna moja. Vipande viwili vikipandana, mmoja huchukua cha kwanza, mwingine cha mwisho. Mshambuliaji akilijua hilo, mlinzi anasoma ujumbe mmoja na seva inasoma mwingine. Mkufunzi anayelifahamu somo atakujibu kwa furaha, na huenda akakueleza kwa dakika kumi. Asiyelifahamu atakurudisha kwenye orodha ya faida za kozi yake.

Muulize pia kuhusu trafiki iliyosimbwa. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya wavuti leo imefungwa kwa TLS, usimbaji unaoficha yaliyomo, na kifaa kisichoifungua kinaona bahasha tu, barua hakioni. Mafunzo yasiyogusa wapi pa kuifungua, wapi pa kuiacha, na gharama yake kwa kasi ya kifaa, yamepitwa na wakati. Swali la mwisho ni la mkataba: maabara ya kozi itabaki wazi kwako kwa muda gani baada ya darasa? Siku tano hazitoshi, kwa sababu maswali mazuri huja wiki ya pili.

Ya tatu: video peke yake. Inafaa kwa marudio, au kwa aliye kazini tayari na anayezishika pakiti kila siku. Kwa mgeni inaleta hatari ya kuelewa kila kitu anapotazama na kushindwa kila kitu anapokaa mbele ya kifaa. Angalia tarehe ya kurekodiwa kabla ya kuangalia nyota za wanunuzi.

Ya nne: kitabu rasmi cha mtihani. Nimekiweka chini kama mafunzo pekee, lakini kama kiambatanisho sikiachi kamwe. Kwa GCIA, ambako vitabu vinaingia nawe ukumbini, faharasa unayoitengeneza mwenyewe kwa mkono ni nusu ya maandalizi.

Ya tano: kambi ya siku chache inayokuahidi kufaulu. Kama umeshafanya kazi hii miaka kadhaa na unachokosa ni tarehe na msukumo, itakusaidia. Vinginevyo utajaza kichwa Jumatatu hadi Ijumaa, na wiki inayofuata kichwa kitakuwa kitupu. Kama ahadi ni kurudia mtihani bure, soma masharti: nani anailipa ada ya pili, na ndani ya muda gani?

Maswali ya mtihani uliovuja sijayapa nafasi yoyote. Cisco, CompTIA na GIAC wote wanayakataza, na cheti kilichopatikana hivyo kinaweza kufutwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba mwenye cheti hicho atakabidhiwa mlango wa hospitali au wa benki, na usiku ambao tahadhari ya kweli italia katikati ya elfu za uongo, hatakuwa na namna ya kuitambua.