Injini ya bodaboda imechoka: ununue kipi?

Pikipiki ikianza kutoa moshi wa buluu na kugoma kupanda mlima wa Bugarika, Mwanza, na abiria mmoja, kijiweni utaambiwa ubadili injini. Usikimbilie dukani. Chomoa plagi, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu, rudisha plagi, piga kiki. Ikiwa nzito kuliko mwanzo, ringi za pistoni na silinda zimeisha. Ikibaki laini, angalia valvu. Kisha vua silinda ushike konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozunguka ndani ya injini). Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Ikicheza juu na chini, krenki imekufa.

1. Bloki (silinda) mpya na pistoni yake. Krenki ikiwa nzima, nunua hii. Nenda na bloki ya zamani mkononi, maana cc (ukubwa wa injini) pekee hazitoshi: CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, Boxer BM150 ina 56, CG150 ina 62. Palepale kaunta, ingiza ringi moja ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Milimita 0.15 hadi 0.35 ni nzuri; ikizidi 0.5, mrudishie muuzaji mzigo wake.

Wakati wa kufunga, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa kabla ya kuweka klipu za pini. Klipu moja ikidondokea ndani, utapasua injini nzima kuitafuta. Herufi za ringi zitazame juu, mianya ipishane, mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Na ea klina (chujio la hewa) iliyochanika itupe siku hiyohiyo. Vumbi la Igoma litaila bloki mpya kama ilivyoila ya zamani.

2. Kuchonga bloki ya zamani, yaani kupanua tundu lake. Inafaa kama bloki ni ya kiwandani na haina ufa. Nunua kwanza pistoni ya ovasaizi (iliyozidi ya kawaida kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00), umpe mchongaji aifuate hiyo. Anayechonga kabla ya kuiona anabahatisha.

3. Injini mpya nzima. Ni kwa ambaye krenki na gia zimekufa pamoja, hasa mwenye pikipiki ya Kichina ya CG: injini za 156FMI ya cc 125 na 162FMJ ya cc 150 hukaa kwenye bolti zilezile. Ukizilazimisha kwenye Boxer au TVS utaishia kuchomelea fremu, achana nayo. Linganisha soketi ya waya za magneto (kizalisha umeme cha injini) na yako. Nyingi huja kavu: jaza oili, karibu lita moja, soma stiki, kisha piga kiki mara ishirini bila plagi ili oili ipande juu. Badilisha oili ukifika kilomita 500. Namba mpya ya injini ipeleke TRA irekebishwe kwenye kadi.

4. Injini ya mtumba. Ya mwisho kabisa, kwa sababu krenki huioni. Dai nakala ya kadi na uisikie ikiunguruma. Namba ikiwa imesuguliwa kwa tupa, iache, hata akikuuzia kwa bei ya bloki.