TAHADHARI: unga wa gauti unaouzwa Kondele, msinunue jameni

Watu wa Kisumu, na nyinyi mnaoshukia Kondele mkitoka Maseno na huko juu, kuna jamaa anatembea na kaspika anauza unga wa kahawia kwa chupa, "gauti, miguu kuwaka moto, siku mbili umepona". Mimi nilinunua mbili. Ya kwanza elfu moja mia tano, ya pili akanipunguzia hadi elfu moja, nikaona nimebahatika.

Mi ni mtu wa gauti miaka minne sasa, ule ugonjwa asidi (uric acid) inajaa kwa damu alafu inashika viungo. Kama hujawahi shikwa usicheke, saa nane usiku kidole gumba cha mguu kimefura chekundu, hata shuka ikikigusa unataka kulia. Daktari alikuwa ameniweka kwa allopurinol, dawa ya kushusha hiyo asidi, kila siku na akanikataza maini, figo, matumbo, bia, soda, omena nile kidogo tu. Sasa mtu amezaliwa Kisumu unamwambia apunguze omena, abaki na sukuma peke yake?

Hapo ndio jamaa alinipatia. Alisema dawa ya hospitali inaua figo nitupe, niweke unga kijiko kimoja kwa chai asubuhi na jioni alafu nile chochote, "matumbo kula, moja baridi kunywa, damu imesafishwa". Na bana ilifanya kazi, siku ya pili nilivaa kiatu, nikapigia hata shemeji Kakamega kumwambia. Baada ya wiki kama tano uso ukawa mviringo kama mandazi, kazini wanasema umenona pesa imeingia, mimi nacheka tu. Njaa haiishi, kiu haiishi, kukojoa usiku mara nne.

Alafu nikaenda matanga Nakuru nikasahau chupa nyumbani. Siku ya tatu si kidole tu, goti na kifundo pia, nilibebwa kwa matatu kama gunia.

Hospitali walipima sukari ikawa 15 na sijawahi kuwa na sukari, uric acid 590 na inatakiwa iwe chini ya 360. Daktari aliniangalia uso tu akauliza natumia dawa gani ya kienyeji. Anashuku wamesagia dexamethasone ndani, hiyo ni steroidi, inazima uvimbe haraka lakini asidi iko palepale inaendelea kujaa kwa viungo. Na kama umeitumia wiki nyingi USIACHE GHAFLA, mwili unakuwa umezoea steroidi ya nje umeacha kutengeneza yake, beba chupa uende nayo hospitali wakupunguzie polepole.

Chupa yangu nilikwangua ile karatasi ya fotokopi iliyobandikwa, chini yake kuna lebo ya asali. Hakuna tarehe, hakuna namba ya usajili ya Pharmacy and Poisons Board, wale wa serikali wanaosajili dawa, hakuna kitu.

Nimerudi kwa allopurinol, nimeanzishwa na kipimo kidogo. Daktari anasema chakula peke yake kinashusha asidi kidogo tu, kazi kubwa ni ya dawa, ila matumbo na pombe bado hapana. Maharagwe na ndengu amenirudishia, kumbe hazina ile shida tunaambiwanga, na maji nikunywe ya kutosha.

Nilimrudia jamaa anirudishie pesa. Akaniambia shida ni mimi nilikula vibaya. Yeye aliyeniambia nile matumbo! Jana nimemwona tena palepale, saa hii amevaa koti nyeupe ya daktari.