Mkanda wa Tumbo: Uzoefu Wangu wa Kuutafutia Kipimo Nikiwa Dodoma

Mkanda ninaouzungumzia ni ule wa kupunguza uzito unaowekwa ndani kwa upasuaji, si ule wa kujifunga baada ya kujifungua ambao hata soko la Majengo upo. Ni pete ya silikoni inayovishwa sehemu ya juu kabisa ya tumbo la chakula, ikabakiza juu yake kifuko kidogo. Kwa ndani pete ina mpira mwembamba unaojazwa maji chumvi. Kutoka hapo unakwenda mrija mpaka kwenye kidude kidogo kigumu kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari anakipapasa, anachoma sindano, akiongeza maji njia inabana, akiyatoa inalegea. Hakuna utumbo unaokatwa wala tumbo linalopunguzwa. Wengi wanauchanganya na puto wanaloweka hospitali ya Mloganzila. Puto linakaa ndani ya tumbo miezi kadhaa kisha linatolewa, mkanda unakaa nje ya tumbo na lengo lake ni ukae miaka.

Mimi nilipasuliwa India, kwa matundu madogo, kwa fedha zangu mwenyewe. Upasuaji sina la kuulalamikia. Kilichonitoa jasho ni kipimo, yaani maji kiasi gani ndani ya pete. Mkanda ukiwa mlegevu ni kama huna. Ukibana mno unakuharibia ulaji kuliko ulivyokuwa mwanzo. Katikati ya hapo kuna nafasi nyembamba sana, na wanaouza safari za matibabu hawakuelezi kwamba kuifikia kunahitaji mtu mwenye sindano anayepatikana karibu na unapoishi. Ndiyo maana naupa nyota tatu kati ya tano. Ningekuwa naishi Dar ningeupa nne.

Wiki za mwanzo mkanda huwa mtupu au una maji kidogo sana, kwa sababu kidonda cha ndani kinatakiwa kipone na pete ishike mahali pake. Kujazwa kwa mara ya kwanza huwa baada ya wiki 4 mpaka 6 hivi. Unaanza na vya majimaji, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi, na hapo kilo zinashuka mpaka unajiona mshindi. Ukifika kwenye chakula kigumu njaa inarudi kwa fujo. Nilikuwa namaliza sahani ya wali maharage ofisini Mtumba, mama lishe anafurahi, mimi nashangaa pesa zangu zimekwenda wapi. Kumbe hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Mkanda mtupu haukuzuii chochote.

Madaktari wa mkanda hutumia rangi tatu. Njano ni pale unapokula sana na kusikia njaa kila mara, kwa hiyo unahitaji kuongezwa. Nyekundu ni pale unapokwama, unacheua na kukohoa usiku, hapo unahitaji kupunguzwa. Kijani ndiko kunakotakiwa: unakula kidogo, chakula cha kawaida chenye nyama na mboga, ukishamaliza unakaa saa tatu au nne bila kukumbuka kula, na kilo zinashuka taratibu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki. Ukitazama kwenye karatasi inaonekana rahisi.

Mkanda wangu unabeba mpaka mililita 10. Kwenye mililita 3 sikusikia kitu. Kwenye 5 nilianza kushiba mapema lakini saa mbili baadaye nilikuwa nanunua karanga kwa wale vijana wa dirishani. Ikabidi niongezwe, na hapo ndipo nikakutana na kliniki moja ya Dar ambayo sitaitaja.

Siku hiyo daktari alikuwa na foleni. Aliongeza mililita moja na nusu kwa mkupuo, akasema, "Utauzoea, mama," akaita anayefuata. Mtu akishajazwa anapaswa apewe maji anywe palepale akiwa ameketi, ionekane yanapita. Zipo hospitali zinazojaza huku zikimtazama mgonjwa kwenye eksirei, anakunywa dawa nyeupe ya bariamu na daktari anaiona inavyoteremka. Mimi hata glasi ya maji sikupewa.

Treni ya SGR ya jioni ilipoiacha Morogoro nikafungua chupa ya maji. Funda la kwanza likashuka, la pili likasimama. Linasimama hapa kwenye chembe ya moyo, na unalisikia kabisa lilipo. Kisha mate yanaanza kujaa mdomoni, mazito, yanavutika, unatema na bado yanakuja. Halafu lile funda linapanda lilivyo, bila kichefuchefu wala uchungu wa nyongo, maana tumboni halikufika. Nilikuwa na mfuko wa karatasi wa korosho, korosho nikazimwagia kwenye mkoba, mfuko ukapata kazi nyingine. Kijana wa kiti cha jirani akaniambia, "Pole sana mama. Ni ile hali nini?" Nikamwitikia ndiyo, nianzie wapi kumweleza? Akanipa pipi ya tangawizi, nikaishika mkononi mpaka tukamaliza mahandaki ya Kilosa.

Usiku ule niliishi kwa kulamba maji kijiko kimoja kimoja, na treni ya asubuhi ikanirudisha Dar, safari hii kwa daktari mwingine. Akatoa mililita 0.8, akanipa glasi ya maji, ikashuka. Akanieleza kwamba baada ya kujazwa njia huweza kuvimba kidogo, kwa hiyo kinachopita kliniki saa nne kinaweza kisipite jioni. Kwa sababu hiyo siku moja au mbili za mwanzo ni majimaji tu, kisha vyakula laini, ndipo vigumu. Akasema pia maji yakigoma kabisa kupita, au mate yako mwenyewe yakigoma, hiyo ni dharura. Mtu hasubiri wiki iishe, kwa sababu kutapikatapika kunaweza kulisogeza tumbo likapenya juu ya pete, na likifika hapo mara nyingi ni kupasuliwa tena.

Basi nikabaki na 5.7, nikadhani mambo yamekwisha. Kilo zilikuwa zinashuka. Maji yanapita, supu inapita, nyama ikitafunwa sana inapita. Kasoro ilikuwa chai ya saa nne. Kwenye vikao vyetu saa nne huletwa chai na chapati, sambusa, andazi, wakati mwingine mihogo. Mkanda huwa umebana zaidi asubuhi kuliko mchana, hili utalisikia kwa wengi wenye mkanda, na chapati ndiyo adui wake nambari moja: inalainika mdomoni, inajishikilia, inakuwa donge. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilinitoa kwenye kikao cha bajeti nikiwa nimeziba mdomo kwa kitenge. Mkate mlaini vilevile. Wali unategemea, mkavu wa kuchambuka unakusanyika pale juu na kuziba.

Halafu kikaja kikohozi. Nikilala tu, kikavu, nakurupuka usiku na uchachu kooni. Kwa Dodoma kila mtu ana jibu la kikohozi: vumbi. Kiangazi, upepo wa Agosti, Ihumwa barabara zinachongwa, nani abishe? Nikapewa dawa ya maji ya kikohozi, nikapewa na vidonge vya kuua vijidudu. Mume wangu akafunga vyavu vipya madirishani. Kikohozi kiko palepale. Ni yule daktari wa pili aliyeniuliza kwa simu swali moja tu: "Ukila saa kumi na moja jioni, usiguse tena kitu, unakohoa?" Nikajaribu. Sikukohoa. Kilichokuwa kinapanda ni chakula kilichobaki juu ya pete, nikilala kinarudi kooni. Akatoa mililita 0.2. Hiyo ni matone machache, hata kijiko cha chai hakijai, lakini kikohozi kikaisha na vyavu tukabaki navyo.

Mililita 5.5 ndipo nilipo mpaka leo. Kwa mshangao wangu, kilo zilishuka vizuri zaidi hapa kuliko kwenye 5.7. Kwenye kubana kupita kiasi nilikuwa siwezi kula kuku wala kisamvu, kwa hiyo nilikuwa nakula vinavyoteleza: maziwa ya mgando yenye sukari, biskuti zilizolowekwa kwenye chai, ice cream, juisi ya zabibu. Mkanda hauzuii kitu kinachotiririka. Soda ya chupa nzima itapita bila kuulizwa. Sasa kuku anapita, najaza kikombe kimoja kidogo cha chakula, nakula polepole kama dakika 25, na mpaka saa kumi sina habari ya kula. Maji sinywi wakati wa kula, nasubiri nusu saa au zaidi, maana yanakisukuma chakula kishuke mapema na shibe inaondoka nacho.

Chakula kilichoniokoa sikukitegemea. Mama mkwe wangu ni wa Mpwapwa. Mara ya kwanza kumtembelea nikiwa na mkanda alinitazama nikila, akavumilia, mwisho akashindwa: "Mkamwana, mbona unadonoa kama kifaranga? Nyumba yangu ina nini?" Hakuambiwa habari ya India wala ya pete, mume wangu alishakataza. Nikasema, "Mama, tumbo langu siku hizi dogo." Akanyamaza, akaondoka, akarudi na ugali wa uwele kiganja kimoja na bakuli la mlenda uliotiwa karanga. Mlenda huo ulishuka kama hakuna pete wala nini. Tonge dogo, linachovywa mpaka linang'aa, linatafunwa hata hivyo (watu hawatafuni mlenda, mimi natafuna), linakwenda. Ugali wa sembe mkavu na dagaa wa kukaanga haunipi raha hiyo. Toka siku ile mama mkwe akija mjini ananiletea mlenda mkavu kwenye kopo, na kwa majirani anasema mkamwana wake mtu wa mjini ndiye peke yake anayejua chakula cha Wagogo. Zabibu nazo napenda, ila namenya ganda. Ganda la zabibu likikaa vibaya linakupeleka mbio nje.

Misibani na harusini ndiko kugumu. Ukipewa sahani iliyojaa mpaka ukingoni, na aliyepakua amesimama mbele yako, kukataa ni kosa na kula ni balaa. Mimi natafuta mtoto wa kukaa naye. Watoto wa Kitanzania ni msaada mkubwa kwenye suala la mkanda.

Sasa hili la sindano. Kidude cha chini ya ngozi hakichomwi na sindano yoyote. Kuna sindano yake maalumu, inaitwa ya Huber, ambayo ncha yake imekatwa kwa namna ya kupenya silikoni bila kuing'oa. Ukichomwa na ya kawaida kinatoboka, maji yanavuja kidogokidogo, na wewe unashangaa kwa nini njaa imerudi. Nilipita zahanati kadhaa hapa mjini nikiulizia, wakanionyesha sindano za kawaida, mmoja akataka kujaribu. Nikamshukuru, nikaondoka. Tangu hapo nasafiri na sindano zangu mbili zilizofungwa kiwandani, pamoja na kadi yenye aina ya mkanda, ujazo wake na mililita zilizomo. Nikienda hospitali kwa jambo lolote, hata malaria, kadi inatangulia, kwa sababu malaria ya kutapika ni hatari kwa mkanda na dawa za maumivu kama diklofenaki niliambiwa nizikwepe. Vidonge vikubwa navikata, baada ya kuuliza duka la dawa kama vinakatika.

Ungeniuliza kama ningeuchagua tena, ningesita. Madaktari wengi duniani wamehamia kwenye upasuaji wa kupunguza tumbo lenyewe, na mkanda unawekwa kwa watu wachache kuliko zamani, miaka ya baada ya 2001 Marekani ilipouruhusu. Maana yake ni kwamba wanaojua kuujaza nao wanapungua. Kwa upande mwingine, ule uwezo wa kusema "nimebanwa, nilegeze" na ukalegezwa dakika kumi baadaye hauupati kwenye upasuaji mwingine. Nikipata ujauzito maji yanatolewa nile nishibe, nikimaliza yanarudishwa. Mimi hilo lina uzito kwangu, na mume wangu analitajataja.

Kwa hiyo wewe wa Singida, Manyoni au Kondoa unayeutaka mkanda, kabla hujalipa nauli ya India mpigie daktari atakayekujaza, achana kwanza na atakayekupasua. Muulize kama anazo sindano za Huber, kama anapima kwa glasi ya maji kabla hujatoka, kama unaweza kufika kwake na kurudi siku hiyohiyo, na akisafiri anamwachia nani wagonjwa. Wa kwangu akisafiri hamwachii mtu. Wiki asizokuwepo, nyama sili.