Silinda ya bastola ya mbio: osha kwanza, ndipo ununue

Hamjambo, karibuni tena. Leo mezani sina simu wala redio, nina hii. Na kabla mama hajanipigia simu kuniuliza nimekuwa nani siku hizi: hii ni bastola ya kuanzishia mbio, ile ya mashindano ya shule. Mtutu wake umezibwa tangu kiwandani, haitoi kitu ila mlio na moshi. Hata hivyo risasi zake ziko chumba kingine, na silinda, hili gurudumu lenye matundu ya risasi, naifungua mbele yenu muone. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tupu. Mlinzi wetu wa shule aliniambia bastola haina mzaha, na mimi nimelishika hilo.

Iliniaibisha muhula uliopita. Uwanja umejaa, upepo wa kusi unarusha mchanga, wasichana wa mita 100 wamejipanga. Napiga, kumbe wa laini ya pili ameshachomoka mapema. Sheria ya mwanzishaji ni kwamba mtu akiiba, unapiga ya pili kuwarudisha. Ndiyo maana tunatumia bastola ya silinda, ya pili iwe tayari hapo hapo. Nabonyeza: tik. Nabonyeza tena: tik. Wasichana wamefika mwisho, mmoja anarukaruka kwa furaha, mimi huku napunga mikono kama mtu anayefukuza kunguru. Alilia alipoambiwa mbio zinarudiwa. Mpaka leo tukikutana sokoni hanipi shikamoo kwanza, ananielekezea kidole: "Tik, mwalimu!"

Basi kila mtu akawa fundi. Silinda imekufa, agiza mpya. Nikaagiza. Lakini ilichelewa kufika, na katika kuisubiri nikaamua kuiosha hii kuukuu. Sogea karibu na kamera uone nilichokikuta.

Unaona ndani ya hili tundu? Hapa palikuwa na mduara mweusi. Nilidhani ni chuma chenyewe, kumbe ni masizi yaliyoshikana kama ukoko wa chini ya sufuria. Ganda la risasi haliingii likakaa sawa, linabaki limeinuka kidogo, silinda ikizunguka linakwaruza nyuma na kukwama.

Na masizi haya tunayataka wenyewe. Risasi za mbio zinatengenezwa zitoe moshi mwingi kwa sababu watu wa saa wanasimama kule mwisho, na wanatakiwa wabonyeze saa wakiuona moshi, wasingoje mlio. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kufika mita 100 inachelewa karibu sehemu tatu za kumi za sekunde. Anayengoja asikie amewapunguzia watoto wote muda huo, halafu tunajisifu Malindi tuna wakimbiaji wa Olimpiki! Sasa masizi ya baruti ya moshi yanavuta unyevu. Na hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi, msumari ukiuacha dirishani wiki moja umeota kutu. Ukipiga Jumamosi ukaiweka bila kuisafisha, Jumatatu si bastola tena, ni kitu cha kufukuliwa.

Nimejaribu vitu vitatu. Cha kwanza, dawa ya kupuliza ya mkebe, niliuziwa kwa bei ya kuku wawili. Inanukia vizuri. Ukoko haukutikisika. Cha pili, maji ya moto na sabuni ya kawaida ya vyombo. Haya ndiyo dawa, kwa sababu masizi ya baruti hii yanayeyuka kwenye maji. Toa silinda, iloweke kwenye karai dakika chache, kisha sugua kila tundu. Cha tatu, mswaki mwembamba wa nyuzi za shaba. Usitumie wa chuma: bastola nyingi za mbio silinda yake ni aloi ya zinki, laini, waya wa chuma unaichimba. Huu wa shaba ulitoa uchafu mpaka maji yakawa kama kahawa tungu. Naupa alama zote.

Ukimaliza, kausha kwelikweli. Mimi naifuta kwa fulana kuukuu, naianika kivulini penye upepo, ndipo natia mafuta ya cherehani. Tone moja kwenye mhimili, na kitambaa chenye mafuta kidogo kipite kwenye matundu. Basi. Nitubu hapa hapa: zamani nilikuwa napaka mafuta ya nazi, tena mengi, kwa sababu yapo jikoni. Yakachanganyika na masizi na mchanga, yakawa gundi. Nilipovua silinda nilikuta chembe moja ya mchanga kwenye mhimili. Moja tu. Ndiyo iliyokuwa ikilia kri, kri kila nikizungusha.

Baada ya kuosha, matundu manne yalifanya kazi vizuri. Mawili yakaendelea kugoma. Hapo ndipo tofauti ya uchafu na kuchakaa, na mswaki haukusaidii.

Angalia nyuma ya silinda. Haya meno madogo sita, kuna kidole cha chuma kinachopanda na kuyasukuma kila unapovuta nyundo. Haya manne yana kona kali. Haya mawili yameliwa, yamekuwa duara kama jino la mzee mla miwa. Kidole kinateleza, tundu halifiki mbele ya nyundo, nyundo inagonga pembeni: tik. Kuna jingine baya zaidi, moto unatoka pembeni ya silinda. Kovu hili kwenye kidole gumba ni la mwaka jana, nami nilidhani ni ushujaa.

Namna ya kupima: ikiwa tupu, vuta nyundo polepole ukiishikilia kwa kidole gumba, kisha itikise silinda. Kucheza kidogo si neno. Ikizunguka ukiisukuma kwa kidole chako baada ya nyundo kukaa, imechoka. Tazama pia mdomo wa kila tundu kama umebonyea. Hiyo ni kazi ya wanaobofya bastola tupu ofisini kwa kujifurahisha. Msumari wa nyundo unagonga ukingo wa tundu badala ya risasi. Walimu wenzangu, mnajijua.

Silinda mpya sasa. Imefika, ni ya modeli ile ile, na hili si la kubahatisha, zinafanana kwa macho lakini haziingiliani. Sikuifunga mwenyewe. Nimeipeleka kwa muuzaji mwenye leseni ya silaha pamoja na barua ya shule. Usimpe fundi wa baiskeli hata akiwa mjomba wako, na usikubali mtu auguse mtutu uliozibwa. Meno ni makali, matundu yamebana kidogo, ganda la kwanza nililisukuma kwa kijiti. Nilichokasirikia: aliyeniuzia hakuniambia kile kidole cha chuma nacho kibadilishwe. Kidole kilichochakaa na meno mapya vikawa haviongei, kila zamu ya tatu kinaruka. Nikalipa nauli mara mbili. Ukiagiza, agiza vyote viwili pamoja.

Kama meno yako ni mazima, nunua mswaki wa shaba na uache. Mimi hii ya zamani ningeitumia miaka mingine kama ningeijua sabuni mapema.

Jana nimepiga kumi na mbili uwanjani, zote zimelia. Haya, mwalimu mkuu anakaribia kutoka, na ufunguo wa sefu ni wake, ngoja nikimbie.