Seti ya kuzibia faibaglasi: resini nzuri, maelekezo mabovu

Ndani ya boksi mna resini ya poliesta gramu 500, tyubu ya hadena (dawa ya kuigandisha resini) gramu 10, mkeka wa nyuzi za kioo nusu mita ya mraba, brashi, trei na glavu. Kwa ufa wa tangi au bampa, vinatosha kabisa. Mkeka wa gramu 300 kwa mita ya mraba hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo kipande chote hakizidi gramu 375. Inayobaki ni ya kupaka kwanza, kabla ya kulaza mkeka. Hapo mtengenezaji kapiga hesabu sawasawa.

Kasoro kubwa ni agizo la kumimina tyubu nzima. Hiyo ni asilimia 2, na inafaa siku ya baridi. Joto likifika nyuzi 30, anza na asilimia 1, yaani gramu 1 kwa kila gramu 100 za resini, la sivyo mchanganyiko utapata moto na kuganda kwenye trei mkeka ukiwa bado mkavu. Usipunguze zaidi ya hapo; kiraka kitabaki laini na itabidi kikwanguliwe chote. Mizani ndogo ya gramu ni ya lazima, na boksini haimo. Changanya kidogo kidogo, gramu 100 au 150 kwa mara moja.

Brashi yake inanyonyoka. Hata ukiwa na nzuri, usiburute, gongagonga tu hadi weupe wa mkeka upotee. Doa jeupe linalobaki ni hewa, na hapo ndipo ufa utakaporudi. Rola ndogo ya chuma huitoa vizuri zaidi.

Maelekezo hayagusi unyevu, ingawa ndio unaobandua viraka vingi. Piga msasa namba 80 kuvuka ufa pande zote, futa kwa asetoni, acha pakauke.

Uso ukibaki unanata, si ubovu: hewa huzuia resini hii kukauka juu. Futa kwa asetoni kabla ya msasa, au funika kwa karatasi ya plastiki mapema.

Vaa miwani ya kinga, maana hadena huunguza macho vibaya sana. Glavu zimo, miwani haimo, na ingepaswa kuwemo.

Kwa umbo la povu la polistirini usiinunue. Poliesta huliyeyusha; hapo tumia resini ya epoksi.